Je, Bunge linaweza kututungia sheria ili tulipwe fidia ya shamba? Jibu kwa kijana wa Mwandiga

Swali lenyewe kwa kifupi. Kijana wa Mwandiga hapa Kigoma anasema shamba la marehemu baba yake, heka tatu zenye michikichi na migomba, lilichukuliwa na mradi wa serikali pamoja na mashamba ya familia nyingine 11. Wathamini walikuja 2019 wakahesabu, watu wakasaini, na mpaka leo hakuna aliyeona hata shilingi. Sasa kwenye msiba mmoja mheshimiwa fulani akawaambia watulie wasiende mahakamani, yeye atapeleka muswada binafsi Bungeni itungwe sheria maalumu ya kuwalipa, na shemeji yake kijana huyu aliyeko Marekani akasema ni kweli, kule Bunge linatunga sheria ya kumlipa mtu mmoja kwa jina lake kabisa. Anauliza: "Shikamoo mzee. Hii kitu ipo na kwetu? Tusubiri Bunge au tufungue kesi?"

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa kuondokewa na mzee kabla hajaona haki yake.

Jibu langu nakupa mapema ili hata ukiishia hapa uwe umelipata: msisubiri Bunge. Haki yenu ipo tayari kwenye sheria zilizopo, haihitaji sheria mpya, ila ina saa inayotembea, na kila mwezi mnaokaa kusubiri ahadi saa hiyo inawala nyinyi, haimli aliyewaahidi. Sasa nielezee vizuri maana hili jambo limewachanganya wengi na mheshimiwa wenu inawezekana kabisa anaongea kwa nia njema.

Nianze na shemeji. Hajakudanganya. Marekani kuna kitu kinaitwa sheria binafsi, yani sheria inayopitishwa na Kongresi, ndo bunge lao, na kusainiwa na rais kwa ajili ya mtu mmoja au watu wachache waliotajwa, inasema fulani alipwe kiasi fulani kutoka hazina. Ilitokana na ile kanuni ya kizamani waliyoirithi kwa Waingereza kwamba mfalme hashtakiwi bila ridhaa yake, kwa hiyo mtu aliyeharibiwa mali na jeshi, au aliyekopesha serikali wakati wa vita asilipwe, alikuwa hana mahakama ya kwenda, kilichobaki ni kuandika ombi Kongresi na kumtafuta mbunge wa kumsemea. Maombi yakajaa mpaka yakawalemea, mengine yalirithiwa na wajukuu, na aliyelipwa mara nyingi ni yule mwenye mtu wa kumsemea kuliko mwenye dai zito. Mwaka 1855 wakaunda Mahakama ya Madai, lakini mwanzoni ilikuwa inatoa ushauri tu na Kongresi ndo inaamua, mpaka miaka ya 1860 ndo hukumu zake zikaanza kuwa za mwisho. Alafu Julai 1945 ndege ya jeshi ikagonga jengo la Empire State pale New York kwenye ukungu, watu 14 wakafa, na mwaka uliofuata, 1946, ikapitishwa sheria ya jumla kwamba mtu aliyeumizwa kwa uzembe wa mtumishi wa serikali kuu anaweza kuishtaki serikali mahakamani kama anavyoshtaki mtu mwingine.

Unaona mwelekeo wake? Wenyewe waliokianzisha hicho kitu walitumia karibu miaka mia kukikimbia. Walitaka mwananchi atoke kwenye kuomba aende kwenye kudai. Sheria binafsi bado zipo lakini ni chache sana, zimebaki kwa yule ambaye milango yote ya kawaida imefungwa. Kule jimbo la Florida kwa mfano, sheria iliweka kikomo, kwa miaka mingi kilikuwa dola 200,000 kwa mtu mmoja, ukishinda kesi dhidi ya serikali ukapewa zaidi ya hapo hiyo ziada huipati mpaka bunge la jimbo lipitishe sheria yako wewe, na kuna watu walioumizwa vibaya wamekaa miaka wanasubiri bunge wakati hukumu wanayo mkononi.

Na kuna kitu kimoja kule ambacho naomba ukishike sana maana ndo ufunguo wa jibu langu lote. Kongresi ikipelekewa ombi la namna hiyo inaweza kulituma mahakamani kwanza ili mahakama iseme hili dai ni la aina gani: ni haki ya kisheria, ni haki ya kiuadilifu hata kama sheria haikusema, au ni hisani tu. Vitu vitatu tofauti kabisa. Dai lenu nyinyi familia 12 liko kwenye fungu la kwanza. Nyinyi hamwombi hisani. Sasa mtu akikwambia acha mahakama tusubiri Bunge liwaonee huruma, bila kujua anawatoa fungu la kwanza anawapeleka la tatu.

Huku kwetu hisani ya serikali ina jina lake na kila mtu Kigoma na Tabora analijua, kifuta jasho na kifuta machozi. Tembo akiingia shambani Kaliua au Uvinza akamaliza mahindi, au akiua mtu, kuna kanuni za 2011 chini ya Sheria ya Wanyamapori zinazotoa kifuta jasho kwa mazao na kifuta machozi kwa aliyefiwa au kujeruhiwa. Jina lenyewe linakwambia, unafutwa jasho, hulipwi thamani ya ulichopoteza, kiwango kimepangwa na huwezi kubishana nacho. Fidia ya ardhi siyo hiyo. Fidia ya ardhi iko kwenye Katiba, Ibara ya 24, kwamba mtu asinyang'anywe mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya fidia inayostahili, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inasema fidia iwe kamili, ya haki, na ilipwe kwa wakati.

Sasa Bunge letu. Mbunge anaweza kweli kupeleka muswada binafsi, kanuni zinaruhusu, na anaweza kupeleka hoja binafsi ambayo mwisho wake ni azimio, siyo sheria. Lakini soma Ibara ya 99 ya Katiba, ni fupi, mtu yeyote anaweza kuisoma akiwa kwenye daladala. Inasema Bunge halitashughulikia muswada wa kutoza kodi au wa kutoa pesa kwenye Mfuko Mkuu wa Hazina isipokuwa Rais ndiye amependekeza na pendekezo limeletwa na Waziri. Muswada wa kuwalipa familia 12 za Mwandiga ni muswada wa kutoa pesa hazina. Mbunge mmoja mmoja, hata awe na nia safi namna gani, hawezi kuupeleka peke yake, ungegota hapo hapo. Mngesubiri kitu ambacho mlango wake hauko mikononi mwa aliyewaahidi.

Simsemi vibaya mheshimiwa. Kuna kazi anayoweza kuwafanyia na inaweza kuwasaidia kuliko muswada. Mwambieni aulize swali Bungeni, kwa jina la eneo na mradi, kwamba familia 12 za Mwandiga zilizothaminiwa 2019 zitalipwa lini. Waziri analazimika kujibu, na jibu linaingia kwenye Hansadi, yani kumbukumbu rasmi za Bunge. Waziri akisimama akasema serikali inatambua deni hilo na imetenga fedha, hilo neno limeshaandikwa, tarehe ipo, mtaliprinti mtaliweka kwenye faili lenu. Na kamati ikikaa kupitia bajeti ya wizara husika aulize fidia yenu iko kwenye fungu gani.

Kuna jambo lingine linanifanya niogope mtu anayekaa kusubiri sheria maalumu, nalo ni historia yetu wenyewe. Wewe ni kijana hukuona operesheni ya vijiji. Huku Kigoma ilianza mapema, mwanzoni mwa miaka ya 70, watu wakahamishwa kutoka kwenye mashamba ya babu zao wakapangwa vijijini, na mwisho wa 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kuishi vijijini ni lazima nchi nzima mpaka kufikia 1976. Miaka ikapita, kwenye miaka ya 80 watu hasa kule Arusha wakaanza kwenda mahakamani kudai mashamba waliyonyang'anywa, na wengine wakashinda. Unajua Bunge likafanya nini? Mwaka 1992 likatunga sheria maalumu, ya kuhusu umiliki wa ardhi kwenye vijiji vilivyoanzishwa, ambayo ilifuta haki za kimila kwenye maeneo yale, ikazuia fidia, na ikasimamisha kesi zilizokuwa mahakamani na hata utekelezaji wa hukumu zilizokwishatoka.

Soma tena hiyo sentensi taratibu mwanangu. Hiyo nayo ilikuwa sheria maalumu kuhusu wadai wa fidia. Ilikuja kuwafungia mlango.

Baba na mwanawe wa kule Mbulu, Lohay Akonaay na Joseph Lohay, walikuwa wameshinda kesi ya shamba lao. Wakaenda Mahakama Kuu kuipinga ile sheria, wakashinda, Mwanasheria Mkuu akakata rufaa, na Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikatoa uamuzi ambao mimi nikipata mteja wa ardhi bado naufungua mpaka leo. Ikasema haki ya kimila ya kutumia ardhi ni mali, na Ibara ya 24 inailinda. Ikasema ardhi ambayo mtu ameitolea jasho ina thamani, huwezi kumlipa nyumba na miti tu ukasema ardhi yenyewe ni bure. Na vile vifungu vya kuwafungia watu mahakama ikavibatilisha. Zamani mthamini alikuwa anahesabu miti na kuta basi. Leo akija anatakiwa athamini na ardhi yenyewe, na hilo lilipiganiwa na wakulima wawili mahakamani.

Hata Waingereza waliwahi kufanya hivyo. Mwaka 1942 jeshi lao lilichoma mitambo ya mafuta kule Burma isiangukie mikononi mwa Wajapani, kampuni ikadai fidia mpaka ikashinda kwenye mahakama yao ya juu kabisa, na mwaka 1965 bunge likapitisha sheria ya kurudi nyuma ikafuta lile deni. Kwa hiyo bunge linaweza kutoa na linaweza kunyima, ukiwa na hukumu mkononi angalau unacho cha kupigania.

Wapo waliolipwa kwa sheria maalumu na nafurahi walilipwa. Wamarekani wenye asili ya Japani waliofungiwa makambini kuanzia 1942, Kongresi iliwatungia sheria mwaka 1988, dola 20,000 kila mmoja na barua ya kuombwa radhi. Lakini hesabu mwenyewe miaka, ni zaidi ya 40, na sheria ilimhesabu aliyekuwa hai siku ile iliposainiwa Agosti 1988. Aliyefariki Julai, watoto wake hawakupata kitu. Dai lako la kisheria baba akifa linakuja kwako kama urithi. Hisani inachagua tarehe yake yenyewe.

Huku kwetu hata makundi makubwa hayajalipwa kwa njia ya muswada wa mbunge. Uliza wazee wa reli Tabora au hapa Kigoma stesheni, waliofanya kazi enzi za Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyovunjika 1977. Walidai mafao yao miaka na miaka, wakaandamana, wakalala nje ya ofisi Dar, na kilichokuja kuwapa malipo ni kesi waliyofungua, mwaka 2005 pande mbili zikaandikiana makubaliano ndani ya Mahakama Kuu na serikali ikaanza kulipa. Yalibaki malalamiko mengi ya hesabu, wapo waliosema wamepunjwa na walirudi tena mahakamani, lakini mlango uliofunguka ulikuwa wa mahakama.

Naomba sasa nikueleze kitu cha nyumbani kwangu, maana ndicho kinachonifanya niandike kwa kirefu hivi. Shangazi aliyenilea Ujiji alikuwa na kiwanja na michikichi kadhaa, kikachukuliwa na ofisi moja ya serikali ambayo siitaji hapa. Alipewa karatasi moja. Akaikunja mara nne akaiweka kwenye kopo la maziwa, kopo likakaa juu ya kabati. Kila kiongozi aliyepita alimwambia bi mkubwa tulia, linashughulikiwa, na yeye alikuwa mtu wa kuamini watu, akatulia. Mimi nilipomaliza masomo ya sheria nikarudi likizo nikaomba ile karatasi. Ilikuwa imekatika kwenye mikunjo, na pale mkunjo ulipopita ndo palikuwa na idadi ya miti na tarakimu ya kwanza ya thamani, wino umekwisha kabisa, unaona shimo na sifuri zimebaki zinaning'inia. Tulijaribu mahakamani. Uamuzi ulikuwa mfupi sana, dai limeletwa nje ya muda, basi. Hakimu hakusema shangazi anadanganya, wala hakuna aliyebisha kwamba kiwanja kilikuwa chake. Muda tu. Alifariki bila kulipwa na ile karatasi ninayo mimi.

Kwa hiyo fanyeni hivi, na fanyeni wiki hii.

Kwanza mirathi, kwa sababu hili linakwamisha watu wengi kuliko hata sheria yenyewe. Kwenye jedwali la fidia lipo jina la baba, na baba ametangulia. Serikali haitamlipa mtu kwa kuwa ni mtoto mkubwa au kwa kuwa ukoo unamjua. Kaeni kikao cha familia, muandike muhtasari, mchague msimamizi, muende Mahakama ya Mwanzo mfungue mirathi mpate barua ya usimamizi. Wakubwa wakigombana hapa mtapoteza mwaka mzima, kwa hiyo mchague mtu ambaye hata dada zenu wanamwamini, na dada zenu wawemo kwenye hicho kikao.

Pili uthamini wa 2019 umeshakufa, na hili wengi hawalijui. Sheria ya Uthamini ya 2016 inasema fidia ilipwe ndani ya miezi sita tangu uthamini uidhinishwe na Mthamini Mkuu wa Serikali, ikipita hapo inaanza kuzaa riba kwa wastani wa riba ya akaunti za muda maalumu kwenye mabenki, na ikipita miaka miwili haijalipwa ule uthamini hauna nguvu tena, unatakiwa ufanyike mpya. Maana yake ni nini kwenu? Akija mtu na hundi ya bei ya 2019 akawaambia sainini mmalize, msisaini kabla hamjauliza riba iko wapi na kwa nini hakuna uthamini mpya. Bei ya ardhi Mwandiga ya leo siyo ya 2019, wewe unajua kuliko mimi.

Uthamini mpya ukija, mkae nao shambani mwanzo mpaka mwisho. Niliwahi kumuona mama mmoja, siyo mtu wa kusoma sana, anatembea nyuma ya mthamini na kauntabuku ya mwanawe na kalamu ya wino. Mthamini alikuwa anapaka rangi namba kwenye shina la kila mchikichi, na yeye mama anaandika namba hiyo hiyo na neno moja pembeni, mkubwa, mdogo, unazaa, haujazaa. Jioni wanajumlisha, fomu ya mthamini inasema 41, kauntabuku inasema 47. Hakukuwa na ugomvi. Wakarudi pamoja wakakuta sita nyuma ya kichuguu ambazo zilipakwa rangi lakini hazikuingia kwenye fomu, zikaingizwa. Mchikichi unaozaa ni mawese ya miaka mingi mbele, sita ni pesa.

Na mjue vilivyomo kwenye fidia ili mkague, maana watu wanaangalia jumla tu ya mwisho. Kuna thamani ya ardhi, kuna mazao na miti na majengo, kuna posho ya usumbufu, na kama mlikuwa mnaishi pale kuna posho ya makazi ambayo ni kodi ya nyumba ya miezi 36, na usafiri wa mizigo tani 12 kwa umbali wa kilomita 20, na kama mlikuwa na biashara kuna faida iliyopotea. Kama ni shamba tupu bila nyumba, makazi na usafiri hamtapata. Makaburi yana utaratibu wake peke yake, kwa hiyo kama kuna kaburi la babu humo semeni mapema.

Nitaje pia barabara kwa sababu nyumba nyingi pale zina alama. X nyekundu inamaanisha wewe ndiye uliyeifuata barabara, umejenga ndani ya hifadhi yake, yani eneo lililotengwa kwa ajili ya barabara, hulipwi. X ya kijani barabara ndiyo imekufuata wewe, unalipwa. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 mpaka mita 30 kila upande kutoka katikati, kwa hiyo aliyekuwepo kihalali kati ya hizo mita 22.5 na 30 kabla ya sheria ana hoja. Wewe hukusema kama kuna alama, angalia.

Tatu muda, na hapa ndo naomba mnisikilize kuliko kote. Sheria ya Ukomo ina jedwali, na kwenye jedwali hilo kuna kipengele kinachosema madai ya fidia kwa jambo lililofanywa au lililoachwa kufanywa kwa mujibu wa sheria ni mwaka mmoja. Mwaka mmoja tu. Upande wa serikali huwa wanakiibua, na mabishano yanakuwa saa ilianza kuhesabiwa lini, siku ya kuchukuliwa ardhi au siku ya kukataliwa malipo au vingine, na hilo linategemea karatasi zenu zilivyo. Msikate tamaa kwa kusikia hivyo maana kuna njia. Deni likikiriwa kwa maandishi na saini ya mwenye mamlaka muda unaweza kuhesabiwa upya, ndo maana nawasisitiza kila mkienda ofisini muandike barua, ipigwe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yenu, na muombe majibu kwa barua. Pia Waziri mwenye dhamana ya sheria ana mamlaka ya kuongeza muda mpaka nusu ya ule uliowekwa. Lakini mazungumzo ya mdomo, vikao, simu, ahadi za msibani, havisimamishi saa, Mahakama ya Rufani imeshalisema hilo. Mpelekeeni wakili karatasi zote achambue tarehe kabla ya kitu kingine.

Nne, kuishtaki serikali. Zamani ulitakiwa upate idhini ya waziri kwanza, yani umuombe mdaiwa ruhusa ya kumdai, mpaka Mahakama ya Rufani kwenye kesi ya Kukutia Ole Pumbun mwaka 1993 iliposema hiyo inakiuka Katiba. Sasa hivi ni notisi. Mnaandika notisi ya siku 90 kwa taasisi iliyowachukulia ardhi na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na Wakili Mkuu wa Serikali, mnaeleza nani, ardhi ipi, kiasi gani na kwa nini. Tangu marekebisho ya 2020 hata kama anayedaiwa ni halmashauri au wakala, notisi ni hiyo hiyo na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kwenye kesi, usipomuunganisha kesi inaanguka. Kesi inafunguliwa Mahakama Kuu. Enzi zetu tulikuwa tunapanda treni usiku hapa Kigoma na mashahidi wetu na vyakula vyao kwenda Mahakama Kuu Tabora, kesi inaahirishwa mnarudi na treni, leo Mahakama Kuu ipo hapa hapa Kigoma mjini, unakwenda kwa bajaji. Nendeni familia zote 12 pamoja, wakili mmoja, gharama mnachangia, na anayeshindwa kabisa kuchangia asiachwe, wasaidizi wa kisheria wapo na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua.

Nikwambie na ugumu wake, sitaki uje uniambie mzee hukusema. Ukishinda huwezi kutuma dalali wa mahakama akamate gari la serikali, sheria hairuhusu. Unapewa cheti cha amri ya mahakama unakipeleka kwa mkuu wa taasisi anayetakiwa kulipa, kisha linaingia kwenye uhakiki wa madeni Hazina, na hapo kunaweza kuchukua muda, hapo ndo mbunge wenu ana kazi kubwa ya kufuatilia. Lakini hukumu haizeeki kama ahadi. Na mara nyingi ile notisi ya siku 90 peke yake inawaamsha, mwanasheria wa taasisi anaanza kuuliza faili liko wapi, mnaitwa mezani. Mkiitwa nendeni, ila mkikubaliana iandikwe na isainiwe, na kama kesi imeshafunguliwa makubaliano yasajiliwe mahakamani.

Wakati notisi inatembea mnaweza pia kupeleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, haina gharama, inachunguza na kutoa mapendekezo. Isiwe badala ya notisi tu.

Umesema mwishoni kwamba baba alikuwa na daftari aliloandika mwaka aliopanda kila mstari wa michikichi, na kwamba lililowa mvua ya mwaka juzi na mama hajui liko wapi. Litafuteni. Mkilipata msilianike juani, tenganisheni kurasa taratibu kivulini, kila ukurasa upigwe picha kwa simu siku hiyo hiyo, na picha watumiwe watu wawili tofauti. Alafu njoo nalo, pamoja na hiyo fomu ya 2019 mliyosaini, hata kama ni fotokopi isiyosomeka vizuri. Notisi tutaiandika pamoja.